Jumamosi Tuliyouchemsha Upele

Mwezi wa saba huu nilikwenda nyumbani. Basi la kutoka Mtwara lilipita Mingoyo, likapita Lindi, na lilipokaribia Kiranjeranje upepo ukaingiza dirishani harufu ambayo pua yangu iliitambua kabla yangu: salfa. Ni msimu wa kupulizia mikorosho, na ule unga wa njano ulikuwa umetanda mashambani kama ukungu. Mama aliyekaa pembeni yangu aliziba pua kwa mtandio. Mimi nikajikuta nacheka peke yangu, mkono wa kulia unaukuna wa kushoto katikati ya vidole, mahali ambapo hapajaniwasha tangu nilipokuwa darasa la tano.

Utasema nimechanganyikiwa. Ngoja nikusimulie.

Shule yetu ilikuwa vilimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka barabara kuu. Kijiji cha wakulima, Waislamu na Wakatoliki tumechanganyika hata ndani ya ukoo mmoja, kiasi kwamba mtoto alikula pilau ya Idi na ya Krismasi na hakuna aliyemuuliza ya kwake ipi. Kila asubuhi tulibeba ukuni mmoja na kidumu cha maji kwa ajili ya jiko la shule. Ukifika bila ukuni, mpishi wa uji alikupakulia nusu kikombe, akakwambia nusu nyingine iko msituni inakusubiri. Msimu huo ufuta ulikuwa umefungwa matita, umesimamishwa ukauke, na ukipita karibu ulisikia mbegu zikidondoka kama mvua ndogo juu ya turubai.

Mwenzangu wa dawati alikuwa msichana mgeni. Baba yake alihamia kwetu kuchoma mkaa, wakajenga kibanda ukingoni mwa msitu. Alikuwa mkimya, nguo zake zinanukia moshi, lakini kwa hesabu alikuwa moto. Mwalimu wa hesabu akichoka kutueleza jambo, alimwita ubaoni aeleze yeye, nasi tukaelewa.

Upele uliingia baada ya likizo ya mwezi wa sita. Nani aliuleta? Nitakwambia, maana sasa naweza kusema. Niliuleta mimi. Nilikwenda harusini kwa ndugu, nikalala mkeka mmoja na watoto wa kila upande, nikarudi nawashwa katikati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni. Baada ya wiki mbili nyumba nzima ilikuwa inajikuna. Bibi yangu, ambaye hakukosa neno hata akiumwa, alitutazama tukijikwaruza kwenye nguzo ya baraza, akasema, "Watu husema Mungu humpa upele asiye na kucha. Ninyi kawapa vyote viwili, mnalia nini?"

Shuleni mambo hayakuwa ya kuchekesha. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mkali, mrefu, asiyeachana na koti lake hata jua liwe la kupasua mawe. Alianzisha ukaguzi. Kila asubuhi kwenye paredi alipita mstari kwa mstari. "Nyosheni mikono! Geuza! Tanua vidole!" Akiona upele, kauli ilikuwa moja: "Rudi nyumbani. Urudi ukipona." Wiki ya kwanza walirudishwa wachache. Wiki ya tatu darasa letu lilikuwa na nafasi kama mdomo wa mzee. Na waliorudi wakidai wamepona walikutana na waliokuwa hawajapona, wakarudishwa tena.

Mimi sikurudishwa. Nilikuwa na ujanja. Kabla ya paredi nilikimbilia bustani ya shule, nikachovya mikono kwenye tope, nikasimama mstarini kama niliyetoka kupalilia. Siku moja mwalimu mkuu alisimama mbele yangu, akawaambia wengine, "Tazameni mwanafunzi wa mfano." Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyekamatwa ni mwenzangu wa dawati. Nilimwona akichukua daftari zake, akizifunga kwa kitambaa, akiondoka bila kugeuka. Mlangoni mtu alinong'ona, "Ndiye aliyeuleta. Wachoma mkaa hawaogi." Wengine wakaitikia. Nilikuwa na kila sababu ya kusema, na nikanyamaza. Siku chache baadaye tukasikia baba yake amekasirika: kama shule haimtaki mwanawe, atampeleka Songo Mnara kwa shangazi yake akalee mtoto. Ukishapelekwa kisiwani kulea mtoto, ndugu yangu, hesabu umezimaliza.

Hapo ndipo salfa ilipoingia. Bibi alichoka kutusikia tukijikuna. Akachota salfa iliyobaki shambani, akaikoroga na mafuta ya nazi, akanisugua mwili mzima. Ilipofika asubuhi ngozi ilikuwa imebabuka. Nililia, na bibi akalia pamoja nami, kitu ambacho sikuwahi kukiona. "Nilidhani kinachoua ubwiri unga, ule ugonjwa wa mkorosho, kitaua na upele," alisema. "Nisamehe, mjukuu wangu." Akanibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa wa darasa la tano, hadi zahanati.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi, mwenye baiskeli ya kiume na sauti ya taratibu. Alinisafisha, akanipaka mafuta ya kutuliza. Kisha akamgeukia bibi. "Mama, nyumbani nani mwingine anajikuna?"

"Sote."

"Na shuleni?"

Bibi alinitazama. Nikamweleza yote: paredi, kurudishwa nyumbani, tope. Tope lilipotajwa muuguzi alikaribia kucheka, akajizuia.

"Kosa si la bibi yako wala si lako," alisema. "Upele hautibiwi mtu mmoja mmoja. Leo nikupake wewe, usiku utalala na nduguyo, kesho umeupata upya. Twende kwa mwalimu wako."

Tulikwenda moja kwa moja ofisini, mimi nikiwa kielelezo chake. Baada ya shikamoo na marahaba muuguzi aliweka mikono yangu juu ya meza, akamweleza mwalimu mkuu alichotaka: siku moja, dawa kwa watu wote, wanafunzi, walimu na majumbani mwao, na nguo zote zichemshwe siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alikunja uso. Alisema walimu wake ni watu safi, tatizo ni wazazi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alimwambia polepole, "na koti hilo, katika joto hili?"

Nilisikia mwiko wa mpishi ukigonga sufuria huko nje. Mwalimu mkuu alitazama dirishani kwa muda, kisha akavua koti, akafungua vifungo vya mikono ya shati. Vifundo vya mikono yake, viwiko vyake, vilikuwa kama vyangu. Vibaya zaidi ya vyangu.

"Mke wangu pia," alisema. "Na watoto." Halafu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Kila asubuhi nawarudisha watoto wa watu nyumbani, huku mimi mwenyewe silali."

Muuguzi hakumsuta. Alisema tu, "Basi tuanze na wewe."

Mtu mkubwa akiamua, ameamua. Jioni ile ile aliniuliza kama najua njia ya kwenda kwa wachoma mkaa. Tulikwenda, yeye mbele bila koti, mimi nyuma na mikono yangu imefungwa bandeji. Baba wa mwenzangu alikuwa anafunika tanuri kwa udongo. Hakutukaribisha kukaa.

"Mwanangu si takataka, mwalimu, za kutupwa mkitaka na kuzolewa mkitaka."

"Ni kweli," mwalimu mkuu alijibu. "Nimekuja kuomba radhi. Kwako, na kwake." Akamgeukia yule msichana aliyesimama mlangoni. "Nilikosea, binti yangu. Upele ninao na mimi."

Sijawahi kumwona mwalimu akimwomba radhi mtoto, si kabla ya hapo wala baada yake. Nadhani ndiyo maana ulimi wangu ulifunguka. "Niliuleta mimi," nilimwambia mwenzangu. "Nilikuwa najipaka tope."

Alinitazama kwa mshangao. "Najua. Tangu wiki ya kwanza. Tunakaa dawati moja, nisikuone unavyojikuna?"

"Mbona hukusema?"

"Wangekurudisha."

Baba yake alitoboa tanuri kwa mti, moshi ukatoka, akaukodolea macho. Mwishoni akasema, "Hiyo siku ya dawa ni lini? Maana kuni za kuchemshia zitatakiwa nyingi."

Ikawa Jumamosi. Jumapili iliyotangulia katekista aliitangaza kanisani. Ijumaa imamu aliitangaza baada ya swala, akaongeza kuwa unadhifu ni sehemu ya imani na asiyekuja atamfuata kwake. Katikati ya wiki kulikuwa na mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu alikunja mikono ya shati mbele ya watu wote. Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha jirani yetu mmoja, mwanamume anayeheshimika, akasimama akavuta kola ya kanzu yake akaonyesha shingo. Kisha mwingine. Kabla mkutano haujaisha watu walikuwa wanaonyeshana vipele na kuulizana nani ana vingi, kama watu wanaoonyeshana mavuno.

Sijui kama nitaweza kukueleza ile Jumamosi. Mapipa yalikuwa yamepangwa uwanja wa mpira, golini hadi golini, moto chini yake, na kuni za mchoma mkaa zimerundikwa kama nyumba. Watu waliteremka vilimani na matita ya nguo vichwani: mashuka, kanga, kanzu, sare za shule, mpaka mapazia. Mpishi wa uji alikuwa jemadari. Alizunguka pipa hadi pipa akigeuza nguo kwa mti mrefu, na bibi yangu alipompigia kelele, "Wewe, usije ukawa umeshika mwiko wa uji!" alimjibu, "Jumatatu utakapoonja utajua mwenyewe!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Dawa ililetwa na muuguzi kutoka mjini, madumu kwa madumu, nyeupe kama tui. Madarasa yaligawanywa, wanawake huku, wanaume kule. Ulipakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, na haogi mtu mpaka kesho. Kwa watoto wadogo muuguzi aliizimua kwa maji, lakini hata hivyo iliwasha! Kutoka darasa la wanaume tulisikia yowe la mwalimu wa hesabu, na sisi wanafunzi wake tukaangaliana kwa furaha isiyo na adabu. Mwenzangu alinipaka mgongo, nami nikampaka wake. Wasichana waliomteta mlangoni siku ile walikuwa wanapanga foleni nyuma yetu, na mmoja wao alimwomba, taratibu, amsaidie kufika mahali ambapo mkono wake haufiki. Akamsaidia.

Adhuhuri mihogo na mbaazi zilipakuliwa, tukala tumekaa majanini, sote tunanuka harufu moja, mwalimu na mwanafunzi, mchoma mkaa na mwenyekiti wa kijiji. Pande zote nguo zilikuwa zinakauka: kwenye kamba, kwenye uzio, kwenye matita ya ufuta, kwenye milingoti ya magoli. Upepo ulipopita, kilima chote kilipepea.

Wiki iliyofuata tulirudia, maana muuguzi alisema mayai ya yule mdudu hayafi mara moja. Safari hii hakuna aliyehitaji kuitwa. Kisha ikaja Jumatatu ya paredi. Muuguzi alisimama mbele, na mwalimu mkuu, akiwa amevaa shati la mikono mifupi, hakukagua. Alisimama mstarini, kati ya darasa la tano na la sita, akanyoosha mikono kama sisi. "Geuza," alisema muuguzi. Tukageuza. "Tanua vidole." Alipita kila mstari, hakuruka mtu. Alipomaliza alirudi mbele na kusema maneno mawili: "Hakuna hata." Hakufika mwisho wa sentensi. Kelele tulizopiga, ndugu yangu, ziliwatoa watu mashambani wakidhani shule inaungua. Mwalimu mkuu alikuwa anaruka kama mtoto. Mpishi alipiga sufuria. Siku ile uji ulikuwa wa karanga, na hakuna aliyepewa nusu.

Mwenzangu hakwenda kulea mtoto wa mtu. Darasa la saba alikuwa wa kwanza, mimi nilimfuata kwa mbali, na tulikwenda sekondari na sanduku moja la bati.

Safari hii nilipofika nilipita shuleni. Madarasa ni mapya, ya matofali, na nje kuna mabomba na sabuni. Ni vizuri, sina neno. Uwanja wameukata nusu wakajenga nyumba za walimu. Bibi amelala makaburini, mpishi pia, na mwalimu mkuu alizikwa kwao, mbali. Muuguzi alihamishwa, na sikumbuki kama tulimshukuru inavyopasa. Siku hizi mtu akiwashwa hununua dawa yake dukani, hujipaka chumbani kwake mlango umefungwa, na jirani hajui. Ngozi inapona vilevile. Ila ule mlo wa majanini, watu wote wakinuka harufu moja na hakuna wa kumficha mwenzake, huo sijauona tena popote.

Nilimpigia simu mwenzangu nikiwa nimesimama pale uwanjani. Akaniuliza, "Hivi kweli tulifua kijiji kizima siku moja, au ni mambo ya utoto tu, kila kitu kilikuwa kikubwa?"

"Tulifua," nikamwambia. "Kijiji kizima. Na kilikauka kabla ya magharibi."