Kaimu wa Desemba

Watu waliofika juu huulizwa walifikaje. Nimewasoma wengi magazetini. Karibu wote walianza kwa kuuza maandazi, wakamtanguliza Mungu, wakajituma, na kwenye picha wamekunja mikono kifuani. Mimi nilifika juu nikashushwa, na hakuna mwandishi aliyekuja kunikunjisha mikono. Kwa hiyo nitajieleza mwenyewe, na hasira zangu sitazificha.

Mimi ni mtu wa Ilala. Nilizaliwa kwenye nyumba ya babu, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma, katika familia ya Kiislamu ambayo haina shamba wala kijiji cha kurudi. Wenzetu wakiulizwa kwao ni wapi hutaja mikoa. Sisi tunaonyesha kwa kidole.

Kazi niliipata Kariakoo, kwenye kampuni ya familia moja ya Kilimanjaro iliyokuwa ikiagiza mashuka, mapazia na mablanketi kutoka nje na kuyauza kwa jumla. Duka lilikuwa chini na ofisi juu yake, na stoo ilikuwa kwetu Ilala, upande wa Mchikichini. Niliingia kama karani wa mauzo, nikiwa na cheti cha biashara na viatu vya kuazima kwa dada.

Anayeijua Kariakoo anajua Desemba inavyokuwa. Mwezi ukishaanza kuchanganya, watu wa Kilimanjaro wanafunga mizigo na kupanda kwao. Kwenye kampuni yetu aliondoka mwenye mali, tuliyemwita Mzee, akaondoka mkewe, watoto, mameneja, mpaka dereva. Na Desemba ndiyo bidhaa zinatoka kuliko miezi yote, maana kila nyumba inataka shuka jipya na pazia jipya kwa ajili ya sikukuu. Lazima mtu abaki. Desemba yangu ya kwanza Mzee alinisimamisha kaunta, koti la safari liko mkononi.

"Wewe binti, si wa hapa hapa Ilala?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa hiyo huendi popote."

"Siendi popote, Mzee."

"Basi shika funguo."

Hayo ndiyo mahojiano pekee ya kazi niliyowahi kufaulu. Mwaka huo nilishika funguo za duka. Mwaka uliofuata nikaachiwa na stoo. Baadaye nikawa ndiye ninayehangaika na mawakala wa bandarini mzigo ukikwama, wenyewe wakiwa mlimani wanakula nyama na ndugu zao. Januari walirudi wamenawiri, wameniletea mkungu wa ndizi, wakakuta duka limesimama. Na karibu kila Januari nilipewa jina jipya: msimamizi, meneja msaidizi, meneja. Wengine hupanda kwa digrii, wengine kwa mjomba. Mimi nilipanda kwa kukosa pa kwenda.

Nje ya duka vijana waliotandaza soksi na chaja chini walikuwa wakiniamkia, "Mambo vipi, bosi!" Nilipenda. Nilijua wanamwita bosi kila apitaye, hata aliyekuja kuuliza choo kiko wapi, lakini nilipenda hivyo hivyo.

Kisha ikaja Desemba ambayo Mzee hakushuka. Alipigwa na kiharusi hukohuko kwao. Biashara nayo ilikuwa imeshaanza kuyumba, maana wateja wetu wa mikoani walikuwa wamejifunza kuagiza wenyewe viwandani kwa simu, na mashuka yalikuwa yanalala stoo mpaka yananuka. Januari bodi ilikaa. Bodi maana yake watoto wa Mzee na wakili wao. Waliniita ofisini, wakaniambia wananipa nafasi ya Kaimu Mkurugenzi Mtendaji.

"Unakaimu tu kwa sasa, dada," alisema mtoto wa kwanza wa Mzee, ambaye ndiye alikuwa msemaji wao. "Tukishaona mambo yanaenda, tunakuthibitisha."

Hilo neno kuthibitishwa nilitoka nalo pale nikawa nalala nalo. Nililitaka kwa roho yangu yote, sioni haya kusema. Sikutaka gari wala zulia. Nilitaka siku moja watu wale wakae kikao waseme kwamba huyu wa Ilala ndiye, na kile kineno cha mbele kiondoke kwenye jina langu.

Mama yangu yeye alikipenda kineno hicho kuliko vyote. Nilipomwambia, alivua miwani.

"Kaimu?" aliuliza. "Wewe mwanangu, kaimu?"

Mama alikulia kwenye nyumba ya watu wa zawia, wale wa kusoma dhikiri. Kwao kaimu alikuwa mtu mzito. Khalifa, mkubwa wao, akisafiri, kaimu ndiye huiongoza, ndiye huamua ugomvi wa ndoa, na watu humbusu mkono. Kwa hiyo mama hakusikia kwamba nimewekwa nishikilie kiti mpaka apatikane mwenyewe. Alisikia kwamba nimevishwa kilemba. Kabla sijapata maneno ya kumweleza, alishatuma watu kwa ustadhi, na Alhamisi ile tukasomewa dua ya shukrani uani, pilau likapakuliwa mtaa mzima. Wanawake walinishika kichwa wakaniombea. Nilijua ni kosa kufurahia kitu ambacho hakijawa changu, nikala pilau langu nikanyamaza. Kumwambia mama pale kwamba kaimu ni chini ya mkurugenzi ingekuwa kumwaga sufuria.

Haikuchukua muda bodi ikaniita tena. Walikuwa wamepata neno lao pia: zoezi. Wafanyakazi wa stoo ni wengi mno, zoezi la kuwapunguza haliepukiki, na linahitaji mtu anayewafahamu. Mtoto wa kwanza wa Mzee alinitazama usoni.

"Ukilimaliza hili zoezi salama, dada, suala la kukuthibitisha halina mjadala."

Wale watu wa stoo niliwafahamu mno. Wengi niliwaingiza mimi mwenyewe, kutoka mitaa yetu, wanawake wa kukunja na kufunga mashuka, wanaume wa kubeba. Mmoja wao alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Simwiti jirani. Namwita mama mdogo, ingawa hatuna damu moja, kwa sababu mama alipojifungua mimi yeye ndiye aliyekuja kunikanda na kuniogesha mpaka arobaini ikaisha.

Bodi ilikuwa imenipeleka kwenye semina ya uongozi hotelini, na mwezeshaji, kijana wa suti ya kubana, alitufundisha kwamba kiongozi wa kweli hajifichi nyuma ya wakubwa wake. Uamuzi ukishatolewa, useme ni wako. Niliandika na kupigia mstari. Mtu asiyewahi kupewa kiti hujifunza kukikalia kutoka kwa yeyote anayejidai anajua.

Niliwaita mmoja mmoja kwenye chumba kidogo cha stoo. Baadhi walilia. Mpakiaji mmoja alicheka, akasema "poa tu, bosi," akaenda zake. Mama mdogo aliingia akiwa na vumbi la pamba kwenye nyusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Nikamwambia. Aliinama kuelekea kwangu, akashusha sauti kabisa.

"Mwanangu, niambie mimi. Hili umeamua wewe, au umetumwa?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema nimetumwa, tungelia wote wawili, tungewatukana wenye kampuni, na jioni angeniletea uji. Lakini mimi nilikuwa kiongozi.

"Nimeamua mimi," nilisema.

Alinitazama mpaka nikaangalia mezani. Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi, akasema, "Haya, mama. Mungu akuzidishie." Tangu siku hiyo hakuniita mwanangu tena.

Ukafuata mwezi wa Ramadhani. Mtaani kwetu jioni mabakuli hupita nyumba kwa nyumba, huyu kampelekea yule tambi, yule kampelekea huyu mihogo ya nazi, na bakuli la mtu hulirudishi tupu, hata ukiweka tende tu. Mama alipeleka mihogo kwa mama mdogo kama miaka yote. Bakuli likarudi limeoshwa vizuri, kavu, halina kitu. Akapeleka nyumba ya tatu, nako hivyo hivyo. Akalishika lile bakuli akaja nalo chumbani kwangu.

"Umewafanya nini watu?"

Nikamweleza yote, stoo, zoezi, na bodi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja.

"Kwani kaimu hawezi kukataa?"

"Mama, kaimu ndiye hawezi kabisa. Akikataa wanaweka mwingine. Ofisini kaimu si kama wenu wa zawia. Ni mtu wa kushikilia tu."

Sijui kwa nini sikumwambia mapema. Aliweka bakuli kwenye stuli, akasema, "Kumbe," akatoka. Hakunilaumu, wala hakulitamka lile neno mbele ya watu tena. Wakimuuliza binti yako anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko dukani."

Mimi nilikaza. Nilijiambia wakishanithibitisha nitawarudisha nusu yao, mama mdogo wa kwanza, na watu wataelewa. Nilifanya kazi mwaka mzima kwa ndoto hiyo. Stoo ilipungua gharama, wateja wachache wakarudi, biashara ikaanza kupumua. Ikaingia Desemba. Wenyewe wakafunga mizigo wakapanda. Mtoto wa kwanza wa Mzee alinipungia mkono dirishani mwa gari.

"Tunakuachia, dada!"

Siku ya pili ya Krismasi, duka limejaa mpaka mlangoni, simu yangu ikaita. Nilisikia kwanza watoto wakipiga kelele na mtu akicheka kwa mbali, halafu sauti yake. Akaniuliza hali ya duka, nikamjibu. Akasema wamekaa kama familia pale nyumbani, mbele ya Mzee, wamezungumza kwa upendo, na wamekubaliana. Mkurugenzi atakuwa shemeji yao, mume wa dada yao, aliyekuwa benki. Anaripoti Januari.

"Wewe unarudi kwenye nafasi yako ya umeneja, dada. Tunakutegemea sana umpokee na umwonyeshe."

Mbele yangu alisimama mwanamke ananyoosha pazia, anauliza kama lipo la rangi ya maziwa. Nilimwambia lipo. Kwenye simu nilisema, "Sawa." Miaka yote nimeshika funguo zao mezani pao wakiwa hawapo, na kumbe meza yenyewe ilikuwa hukohuko wanakokwenda, ambako sikuwahi kualikwa hata kwa kunywa maji. Nilichukia. Niliwachukia wao, na nilijichukia zaidi kwa ile "sawa".

Mkurugenzi mpya alikuwa mtu mpole, mwenye manukato mazuri. Nilimtembeza mpaka stoo. Alitazama zile meza za kukunjia zilivyobaki tupu, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Umefanya kazi kubwa, mama. Mimi hili nisingeliweza. Nina roho nyepesi."

Hakuwa ananidhihaki, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilielewa kwamba nilipewa kile kiti kwa kazi moja tu, na kazi ilikwisha. Wiki hiyo hiyo niliacha. Waliniaga kwa keki yenye jina langu na neno hongera.

Mama hakumaliza masika. Presha ilipanda ghafla, tukamkimbiza hospitali, na alfajiri akafariki. Maiti ikaletwa nyumbani. Nilibaki barazani na kaka zangu kupanga gari, sanda na wachimbaji, kwa sababu kila mtu alikuwa ananiuliza mimi, nimeshazoea kuulizwa. Nilipopata nafasi ya kuingia ndani, mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa na maji yanasikika. Mama mdogo na wenzake walikuwa wanamuosha. Niligonga. Mlango ulifunguliwa kidogo, mwanamke mmoja akachungulia.

"Tumeshatosha humu," alisema kwa upole. "Pumzika wewe, una mengi."

Nikaenda ukumbini. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye mikeka, ukuta kwa ukuta, wengi wao ni wale wale wa stoo. Walikuja wote. Walikuwa wamekesha wakipepeta mchele na kumenya vitunguu bila kuitwa, maana mama yangu hakuwa na deni la mtu. Nilivua viatu, nikatafuta pa kuingia, karibu na shangazi. Kwetu mfiwa hukaa chini katikati ya wenzake, akizidiwa anadondokea bega la aliye karibu. Nilisimama pale nikingoja mtu asogee.

Kutoka jikoni sauti ikasema, "Jamani, bosi amesimama. Mleteeni kiti."

Kikaja kiti cha plastiki, kikafutwa vumbi kwa kanga, kikawekwa kando ya mlango. Hakuna aliyecheka. Waliniambia karibu, kwa adabu zote, na mimi nikakaa, kwa sababu sikujua mtu anakataaje kiti. Maiti ikatolewa. Wote wakaangua kilio, wakashikana, wakaegemeana. Nami nikamlilia mama yangu kutoka juu pale, mikono magotini, bila bega la mtu.