Siku Niliyoondoa Kikaguzi, Bwera Ikajaa Magunia

Jamani, mpaka leo nikipita Bwera nashusha kofia hadi puani, na aibu yenyewe, nawaapia, nusu yake si yangu! Mimi ndiye ninayetunza mfumo wa ushirika wetu wa kahawa hapa Kasese, ule unaowatumia wakulima ujumbe wa simu kuwaambia nani alete kahawa siku gani, na nilikuwa nimeuwekea kikaguzi, programu ndogo ambayo kabla hatujaweka toleo jipya hupima kama seva ina nafasi ya kulibeba, ikiona haina, inakataa. Asubuhi ile ikakataa. Meneja Baluku (kwake kompyuta ni mahali pa kuegeshea kikombe cha chai) akaja kunisimamia mgongoni.

"Bwambale, toa hicho kitu chako, tufanye kama zamani, kabla hujakileta! Wageni wafadhili wanatungoja Bwera waone toleo jipya."

Nilijua kikaguzi hakidanganyi. Nikakiondoa hivyohivyo, toleo jipya likaingia bila swali, tukapanda gari.

Kumbe huku nyuma seva inazidiwa, inazimika, inajiwasha, na kila ikijiwasha inawatumia wakulima wote upya: "Leta kahawa leo." Tulipofika Bwera, kwenye kituo cha kupokelea kahawa, watu walikuwa wamefurika mpaka barabarani, magunia mgongoni, kahawa mbivu ambayo isipomenywa siku hiyohiyo inachacha, na mashine ya kumenyea ni moja tu!

"Weye njo mutu ya kompyuta?" akanidaka Mama Kavira, mama mmoja wa Kikongo anayelima huko juu mlimani. "Telefone imelia, imelia, nikazani kuko mutu amekufa! Nimechuma shamba muzima!"

Kabla sijajibu, meneja akanyakua kipaza sauti mbele ya wageni: "Poleni wazee, ni huyu kijana wetu, alibonyeza vibaya."

Alibonyeza vibaya! Mimi! Macho yote yakanigeukia, nami (hapa ndipo nusu yangu ya aibu ilipo) nikanyamaza kama niliyemeza jiwe. Nikavua shati, nikazungusha ile mashine kwa mkono mpaka viganja vikatoka malengelenge, na bado magunia mengi yalichacha, ya Mama Kavira yakiwamo. Aliyamwaga mwenyewe, mbele ya macho yangu.

Kesho yake nilikirudisha kikaguzi bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa kikikataa, nainuka, namsogezea meneja kiti, namwambia, "Karibu afande, bonyeza mwenyewe."

Hajabonyeza hata siku moja.