Nanay Consing Kwenye Kiti cha Kapteni

Perlita Gustilo hakujua kutulia. Hata akila batchoy sokoni La Paz, mguu wake ulitikisa meza mpaka supu ikamwagika. Wiki ile ndiyo alizidi, maana Ruel, mdogo wake wa mwisho, alikuwa anapanda meli Jumamosi kuanza kazi ya ubaharia, na yeye Perlita ndiye mkufunzi wa kumpitisha au kumbakisha.

Chuo chetu cha mabaharia hapa Iloilo kina chumba kilichojengwa kama chumba cha usukani wa meli: rada, vioo, na bahari ya picha kwa mbele. Bahari hiyo naiendesha mimi. Nikibonyeza, mawimbi yanakuja. Lakini somo la Perlita si mitambo. Ni watu: kuchoka kwao, kuogopa kwao, kunyamaza kwao. Vijana wanaufaulu mtihani wake wa kuandika bila shida, halafu wakimkuta mkubwa kwenye kiti cha kapteni, wanakuwa mabubu. Nilishachoka nao.

Ruel naye alikuwa vivyo hivyo. Jumatatu aliiona mashua ya wavuvi kwenye rada kabla ya mtu yeyote. Akafanya nini? Akainyooshea midomo, kama tunavyoonyeshana hapa kwetu duka la jirani au mume wa mtu. Perlita, aliyekuwa kapteni siku hiyo, alikuwa anatazama mbele. Tukaipasua mashua.

"Si nilikuonyesha, Manang?" Ruel akamlalamikia dada yake.

"Kwa midomo! Huyo kapteni wa Kigiriki unayemwendea ana macho kisogoni?"

"Sasa nimpigie kelele mtu mzima?"

"Mpigie, Toto! Tena mpigie sana!"

Kijana akainua nyusi, yaani ndiyo. Mimi nikacheka. Perlita alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Baba yao alizama na meli iliyopanda mwamba, na wenzake waliopona walisema mzee aliuona ule mwamba mapema. Alikuwa anangoja aulizwe.

Ijumaa asubuhi Perlita akaja na mama yao. Nanay Consing anauza samaki, na hata askari wa soko humwamkia yeye kwanza.

"Huyu wa nini tena?" nikamuuliza Perlita pembeni.

"Nimekuwa nikifundisha ujinga. Ruel haniogopi mimi. Atajifunzaje kumkatalia mkubwa kwa mtu asiyemwogopa?"

Ruel alipoingia na kumwona mama yake amekaa kwenye kiti cha kapteni, pepeo mkononi, alitaka kurudi alikotoka. "Manang, huu ni uonevu!"

"Shika usukani," Perlita akamwambia.

"Mbele moja kwa moja," akaamuru Nanay, kama alivyofundishwa.

Nikaiweka mashua mbele yetu. Ruel akanyoosha midomo. Nanay hakugeuka. Ruel akakohoa.

"Nanay, samahani, nafikiri labda pale kuna..."

"Nimesema mbele! Nimekuzaa mimi au umenizaa wewe?"

Mashua ikakua kiooni. Ni picha tu, najua, naitengeneza mwenyewe, lakini nilijikuta nasogeza kiti nyuma. Perlita alikuwa anatafuna kola ya shati lake. Kumsaidia hakuruhusiwa, na Jumamosi ilikuwa kesho.

"Nanay, HAPANA!" Ruel akapaza sauti. "Utaua watu! Tunageuka kulia, sasa hivi!" Akauzungusha usukani bila kungoja jibu. Mashua ikatupita kushoto, karibu mno, lakini ikapita.

Nanay Consing akashuka kitini polepole, akamcharaza kijana begani kwa pepeo.

"Mimi ndiye unayenifokea? Mbele za watu?"

"Nisamehe, Nanay."

"Sikusamehe, na usiniombe." Akamshika mashavu kwa ile mikono yake ya samaki. "Huko uendako, ufoke hivyo hivyo. Baba yako alikuwa na adabu sana."