Siku Ba Alipotuingiza Barabarani

Nilimkuta Ba jikoni anacheka peke yake, unga wa dengu umemjaa mpaka kwenye nyusi. Nilidhani amepatwa na jambo. Alikuwa mama wa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa pale Lushoto, mjane mzee, mfupi, mwepesi wa miguu, na sote tulimwita Ba, neno la kwao la kumwita mama. Mimi nilikuwa msichana wa kijiji cha Gare, nimeletwa kumsaidia kazi za nyumbani. Yeye alinifundisha kusukuma chapati, mimi nikamfundisha Kiswahili. Na kwa kuwa mimi mwenyewe Kiswahili nilikikuta shuleni, nyumbani kwetu ni Kishambaa tu, lugha tuliyoipika pale jikoni ilikuwa yetu wawili.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, marahaba! Kuja hapa! Mwingereza nakwenda!"

"Anakwenda wapi?"

"Kwao! Redio jana nasema. India uhuru!"

Akanishika mikono akanizungusha mpaka tukagonga meza na bakuli la sukari likapinduka. Sukari siku zile, vita vimeisha juzijuzi, ilikuwa bado ya mgawo. Siku nyingine angenifinya. Siku ile alichota kiganja kizima, akanitia mdomoni.

Habari za Mwingereza kwa Ba hazikuwa habari za redio. Kwao, alipokuwa tayari mama wa watoto wakubwa, aliandamana na wanawake wenzake kwenda kuchota chumvi ya bahari, kwa sababu serikali ilikataza watu kuchota chumvi yao wenyewe. Askari wakawapiga marungu. Rungu moja lilimvunjia bangili mkononi, na vipande vikamchana. Kovu lilikuwa limezunguka kifundo cha mkono kama bangili nyingine. Baadaye mwanawe akamleta Tanganyika. Ba alikuwa akisimulia kwamba alipopanda mlima kutoka Mombo na kufika Lushoto, kitu cha kwanza alichokiona ni bendera ileile ya Mwingereza ikipepea juu ya boma, akamwambia mwanawe, "Huyu mtu anatufuata?"

Basi tukakaanga. Unga wa dengu, samli, iliki, tukaviringisha ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, mpaka vidole vikang'aa. Sinia lilipojaa, Ba akavaa sari nyeupe, akajifunga shali kwa sababu ya baridi ya mwezi wa nane, akatoka mpaka dukani.

"Funga duka," alimwambia mwanawe. "Tunaandamana."

Mwanawe alikuwa mtu mwema, ila aliogopa kila kitu chenye kofia. "Ba, kuandamana kunataka kibali. Na tuandamane na nani? Sisi Wahindi hapa hatufiki hata watu wa kujaza lori."

Kweli, hawakufika. Tena waliokuwepo hawakuwa wamoja. Jirani wa ng'ambo ya barabara, Mhindi Mwislamu aliyekuwa akinywa chai na mwana wa Ba kila alasiri, alikuwa hasalimii tena tangu redio ilipoanza kusema India itagawanywa nchi mbili. Yeye furaha yake ilikuwa ya ile nchi nyingine, na alikuwa ameifurahia peke yake jana yake, mlango umefungwa.

Ba hakubishana. Alinitwika sinia, akatangulia.

Sasa, ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani, Idi iko mlangoni, na vibaraza vyote vya maduka vimejaa wanawake waliokuja kutafuta kanga na nguo za watoto. Kulikuwa na mama mmoja wa Malindi, ile yetu ya milimani, mpana wa mabega, amebeba mzigo wa kabichi mgongoni kama hausikii, na sauti yake ungeisikia ukiwa bonde la pili. Akatuona.

"Ba! Wapeleka wapi vitamu vyote hivyo?"

"Uhuru!" alijibu Ba.

"Uhuru ndiyo nani?"

Nikamweleza kwa Kishambaa: kwao Ba, Mwingereza aliyekuwa akiwatawala amefungasha, sasa wanajitawala wenyewe. Mama wa Malindi akafikiri kidogo, kisha akapiga kigelegele ambacho mpaka leo nikikikumbuka sikio hili la kulia linawasha. Wenzake wakaitika. Wakatufuata, wengine kwa ajili ya habari, wengine kwa ajili ya sinia. Ba akawagawia ladu huku anatembea. Waislamu waliofunga wakazifunga kwenye pindo za kanga wakafuturie, na mimi, niliyekuwa Mkatoliki na ambaye siku ile nilipaswa kuwa kwenye Misa ya Kupalizwa Bikira Maria kule Gare, nikala za watatu.

Hatukuwa na wimbo wa uhuru. Nani angeujua? Tukaimba za harusi. Kundi likazidi kunenepa, na tulipofika karibu na boma tulikuwa tumejaa barabara nzima, mizigo ya kabichi, vikapu vya mapeasi, watoto migongoni, na mbele yetu kile kibibi cha sari nyeupe kinarusha mikono.

Bwana DC akatoka nje. Alikuwa Mwingereza kijana, mwenye magoti mekundu kwa baridi. Askari wawili wakasimama nyuma yake. Nyimbo zikakatika.

"Nini hii?" aliuliza kwa Kiswahili chake safi. "Ni maandamano?"

"Harusi, Bwana!" alidakia mama wa Malindi.

"Bibi harusi yuko wapi?"

Mikono ikanisukuma mbele. Nilikuwa na sinia kichwani na ladu shavuni, sikuweza hata kukana.

"Na bwana harusi?"

Hapo tukakwama. Na hapohapo, Mungu ana utani, mwana wa Ba akatokea mbio anahema, penseli sikioni, futi ya kupimia nguo inapepea shingoni, amekuja kumrudisha mama yake.

"Huyo!" wakapiga kelele wanawake wote. "Huyo hapo!"

Mkewe, aliyekuwa amemfuata nyuma, alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Sisi wengine tukashikana mabega. Askari mmoja akageuka ukutani, mgongo wake unatetemeka. Mimi sinia lilikuwa linacheza kichwani, machozi yananitoka, na mwenye duka anauliza, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?"

"Basi!" alisema Ba.

Hakuwa anacheka tena. Alisogea mpaka mbele ya DC, kichwa chake kikamfikia kwenye vifungo vya shati.

"Hapana harusi," alisema. "Mimi napigwa rungu sababu ya kusema kweli. Leo sitasema uongo. Leo nchi yangu huru. Mfalme wako mwenyewe nakubali. Mimi nafurahi. Kama kufurahi nataka kibali, wewe andika."

Nilimwona mwanawe amefumba macho. DC alimtazama Ba, akatazama kabichi, akatazama ladu. Kisha, taratibu, akavua kofia.

"Hongera, Mama," alisema.

Ba akachukua ladu iliyokuwa kubwa kuliko zote, hakumpa mkononi, akamtia mdomoni kama wanavyofanya kwao kwenye furaha. Yule kijana akafumba mdomo maana hakuwa na la kufanya. Na hapo mama wa Malindi, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amelazimishwa na bwana shamba wa serikali kulipigia shamba lake mwenyewe matuta ya kuzuia mmomonyoko, bila malipo, akauliza kwa adabu kabisa:

"Na sisi Washambaa, Bwana, mtatuachia lini?"

Ladu ya dengu haimezwi haraka. DC alitafuna. Tukangoja. Akatafuna tena, uso unazidi kuwa mwekundu, na sisi wote, wanawake kundi zima, tumemkazia macho mdomoni. Hatimaye akameza, akasema, "Nendeni polepole, msizibe barabara," akaingia ndani.

Tulirudi tunapepesuka kwa kicheko. Lakini lile swali lilikuwa limeshatoka. Niliwasikia njiani wakilirudia, kwanza kwa mzaha, wakimwigiza DC anavyotafuna, halafu mmoja akalisema bila mzaha, na hakuna aliyecheka.

Jirani wa ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Ba akavuka barabara na sinia.

"Nimefunga, Ba," alisema yule jirani.

"Weka ya kufuturu. Na wewe umepata nchi. Hongera."

Alipokea kwa mikono miwili. Siku ya Idi alituma sahani ya tambi, na alasiri ile yeye na mwana wa Ba walikunywa chai pamoja, bila kuzungumza habari za redio hata moja.

Baba yangu kule Gare alinigombeza sana kwa kukosa Misa. Alipomaliza, akanivuta kando, akauliza DC alijibu nini hasa.

Miaka ikapita, chama cha kudai uhuru wetu kikaja Lushoto. Mama wa Malindi alinunua kadi kabla ya wanaume wa kwao, nami nikafuata. Ba alitaka kadi pia. Katibu wa tawi akamweleza kwa upole kwamba kwa wakati ule chama kilikuwa cha Waafrika tu. Ba akamjibu kwa Kishambaa, nilichomfundisha mimi, maneno ambayo sitayaandika. Katibu akacheka mpaka akafuta macho, ila sheria ikabaki sheria.

Kwa hiyo siku za mkutano Ba alibeba kigoda chake akakaa nje, chini ya dirisha. Msemaji akishindwa kusikika ndani, Ba alipiga dirisha kwa fimbo na kupaza sauti: "Nguvu kidogo, mwanangu! Sisi huku nje hatusikii!"