Mama yangu na shimo lake la ndizi walivyonifundisha kulipia app ya tamthilia bila kufilisika

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamoo, wadogo marahaba, nimeitikia kabisa msije mkasumbuka.

Leo nasimulia la nyumbani kwangu, Bugene, hapa jirani na Kayanga. Chumvi sitii, maana mke wangu anasoma uzi huu na nikidanganya naitishiwa kikao.

Mama yangu ni mtu wa Bweranyange. Masika ya mwaka juzi aliteleza shambani kwenye migomba, mguu ukavunjika. Tukamleta kwetu. Mfupa uliunga, ila kutembea mwendo mrefu ndiyo basi tena.

Sasa mjue huyu ni mama ambaye Jumapili hakosi kanisani hata mvua inamwagika. Ghafla anashinda kwenye kochi anaangalia ukuta. Iliniuma sana.

Mimi nina kaduka ka dawa za mifugo. Hela sina nyingi, sifa ndiyo ninazo. Nikanunua TV ya mtumba, nikaweka app ya tamthilia, nikalipia. Jina la app sitaji, hawajanilipa.

Hapo ndipo ujinga wangu wa kwanza.

App ina vifurushi. Kuna cha screen moja, na kuna cha screen nne kwa wakati mmoja. Mimi nikachukua cha screen nne. Nyumba ina TV moja wakuu! Ila nilijiambia mwanaume mwenye mke, watoto watatu na mama hawezi kuchukua cha screen moja kama msela wa geto.

Mama akanasa kwenye tamthilia ya wakwe wawili wanaogombania mgahawa. Mke wangu, Mama Koku, anamsomea maandishi ya chini na kumtafsiria kwa Kinyambo. Wakifika kwenye matusi anayaruka, na mama anajua kabisa kuna kitu kimerukwa. Raha tupu.

Tatizo, tamthilia inatoka episode moja kwa wiki. Mwezi ukigeuka, simu inalia, hela imekatwa. Weka na bando juu yake. Kaduka kakawa kanawafanyia kazi wale wakwe wawili.

Jumapili moja mama akaomba bajaji ya kwenda kanisani. Nikapapasa mfuko, patupu, app ilikata jana yake. Nikamwambia, "Mama, tuseme Jumapili ijayo."

Akajibu, "Sawa mwanangu." Akavua kitambaa chake cha kichwa akakikunja taratibu.

Mama Koku akanifuata uani. "Baba Koku, mama anaangalia TV kwa sababu haendi kanisani. Na kanisani haendi kwa sababu hela ya bajaji inaliwa na TV. Wewe unaona sawa?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Kwa hasira nikaifuta app kwenye TV na kwenye simu, nikajua tumeachana. Mwezi uliofuata SMS hiyo hapo, wamekata kama kawaida! Kumbe kufuta app siyo kusitisha malipo. Unatakiwa uingie kwenye account yako usitishe mwenyewe. Hiyo iandikeni mahali.

Nikawa nafoka sebuleni. Mama akauliza kulikoni, nikamweleza kila kitu.

"Kwa hiyo unalipa mwezi mzima ili tuonje mara nne?"

"Ndiyo mama."

Akacheka mpaka akashika mguu. "Ee waitu, nimezaa mtu gani huyu? Mimi ndizi za rubisi nikishazifukia shimoni, sifukui kila asubuhi kuonja. Naziacha ziive zote, nafukua mara moja, nakamua. Hao wakwe waache waive kwanza."

Rubisi ni pombe yetu ya ndizi, kwa mlio mbali. Na mama huyu hajui password ni mdudu gani, ila mimi niliyesoma nilikuwa nafukua shimo kila wiki.

Siku ile ile nikaingia kwenye account nikasitisha. Hela ya app nikaipeleka kwa kijana wa bajaji, kila Jumapili saa moja asubuhi awe mlangoni.

Jumapili ya kwanza sitaisahau. Kina mama wenzake walimwona anashuka, vigelegele vikaanzia nje ya kanisa mpaka padri akachungulia. Mimi nikajifanya nakagua tairi la bajaji. Nilikuwa nalia wakuu, sioni aibu kusema.

Season ilipotoka yote, nikalipia mwezi mmoja tu, screen moja, na siku hiyo hiyo nikasitisha. Ukisitisha hawakufungii, unaangalia mpaka mwezi uliolipia uishe. Ubora wa picha nikaushusha, TV yenyewe ndogo, bando likapumua.

Mama akarudi kutoka kanisani na wenzake wawili. Wakakamua episode nne kwa mkupuo, Mama Koku anatafsiri mpaka sauti imekauka, na safari hii matusi wakayadai yote.

Wiki ya tatu wakawa wamemaliza. Mimi na sifa zangu nikauliza, "Mama, nilipie mwezi mwingine?"

"Funga shimo mwanangu. Mpaka zingine ziive."

Tangu hapo tunalipia mara mbili au tatu kwa mwaka, na hakuna alichokosa. Ninatembea kifua mbele Bugene nzima.

Funzo langu ni hili: lipia unachoangalia, siyo unachoogopa kupitwa nacho. Na kabla hujampigia fundi wa mtandao, muulize mama yako.

Nanyi wenzangu mnakatwaje huko? Shusheni mbinu zenu, na anayetaka kunicheka kwa screen nne ruksa.

Nitawajibu mchana. Bajaji inapiga honi, na mama ameshavaa kitambaa chake.