Fomu ya Familia Iliyonipa Wakwe Ziwani

Wacha nikiri mapema ili mnicheke mara moja tumalize: kuna nyumba pale mtaa wa Ziwani, Nairobi, nikiikaribia navuka barabara, na si kwamba niliiba kitu, ni kwamba nilikula kuku wao kama mchumba wa binti yao, binti ambaye ni meneja kazini kwetu na amenizidi miaka kumi na miwili.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, ofisi ya wafanyakazi, kiwanda cha biskuti Industrial Area. Wenye kiwanda walikuwa wamemchagua Bi. Mwende, meneja wa uzalishaji, aende Uturuki miaka mitatu kusimamia kiwanda kipya. Ilibaki fomu moja tu, ya familia: mtu wa ofisi aende nyumbani, aulize kama wazazi wameridhika, baba atie sahihi. Bila sahihi, nafasi ingemwendea mwingine.

"Utawaambia wewe," Mwende akaniambia. "Nimejaribu wiki mbili, mdomo unakataa. Wanajua tu kuna mgeni wa kazini Jumamosi. Nikitoka zamu saa saba nitawakuta."

Basi nikakaa chumbani kwangu Tassia nikaanza kufikiri, na kufikiri ndio ugonjwa wangu. Kwetu Kakamega huingii kwa wazee mikono mitupu, nikanunua sukari. Sukari peke yake nikaona ni uchoyo, nikaongeza majani chai na mikate miwili. Halafu je, mama? Nikachukua leso ya kujifunga. Na kwa kuwa nikiogopa sauti hutetemeka, nikamwomba Mzee Odhiambo, dereva wa kampuni, aje anitambulishe, naye akakubali akavaa koti lake la kanisani. (Hesabuni wenyewe: leso, sukari, mzee wa kusema, kijana anayetetemeka. Kila mwenye binti angeelewa. Mimi mwenye digrii sikuelewa.)

Jumamosi asubuhi tukapokelewa na baba, mama, na mjomba mmoja mwenye macho makali. Mama akaitazama leso, akamtazama mumewe, akatoka mbio, na mara nikasikia viti vikiazimwa kwa majirani.

Mzee Odhiambo akasimama. "Kijana huyu ana haya, nitamsemea mimi. Neno lililotuleta ni kubwa, mtalisikia baada ya chakula." (Alikuwa amenusa kuku, hakuna kingine.)

"Kwenu wapi?" mjomba akaniuliza.

"Kakamega."

"Si mbaya," akasema, kama anayefariji mfiwa. "Pombe?"

"Hapana."

"Na umri wa Mwende unaujua?"

"Naujua, uko kwenye faili."

Mjomba akamgeukia baba. "Ana faili!"

Nikadhani wanapima kampuni kama ni ya watu wema, nikazidi kujibu kwa adabu. Baba akaomba kabla ya chakula, akamshukuru Mungu aliyekumbuka nyumba hii wakati wao wamekata tamaa, na mimi nikaitikia amina kwa nguvu. Tulipomaliza kula mjomba akajipangusa mdomo. "Sasa mbuzi mtaleta lini?"

Nikawaza ni sherehe ya kumuaga meneja. "Kampuni haina fungu la mbuzi," nikasema, "labda soda."

Hapo hapo Mwende akaingia, unga wa biskuti bado kwenye nywele, na majirani mlangoni wakapiga vigelegele. Mama akamkumbatia. "Mume wako yule pale, mwanangu!"

Mwende akanitazama mimi, akatazama kuku, akanitazama tena. "Huyu? Mama, huyu ndiye hutuandikia barua za likizo!"

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Nikatoa fomu, imelowa jasho, nikaisoma kwa sauti ya mbuzi wenyewe waliokuwa wakidaiwa. Mwende alikuwa ameshika ukingo wa meza, na sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya siku hiyo.

"Kwa hivyo hakuna harusi," baba akasema.

"Hakuna, Baba. Kuna Uturuki. Miaka mitatu."

Baba akaitazama leso, ambayo mama alikuwa ameshajifunga kiunoni. Kisha akanikagua, kutoka viatu hadi kichwa, polepole.

"Tangu asubuhi nauandaa moyo nimtoe binti yangu kwa mtoto huyu," akasema. "Uturuki ni nafuu. Leta kalamu."

Mwende yuko huko sasa. Ofisini waliniuliza nilitumia mbinu gani kumshawishi mzee, nikaandika "mazungumzo". Lakini tangu siku hiyo nikitembelea watu naenda mikono mitupu na najisemea mwenyewe, hata nikitetemeka, na kama kuna kuku jikoni nasema nimeshiba. Mama yangu ananiita mchoyo. Heri mchoyo.