Anayeokota Ndiye Anayeanza Kula

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia ushujaa. Nimelima uyoga miaka sita nyuma ya nyumba yetu Chanika, Handeni, na katika miaka hiyo yote sijafungua mlango wa banda bila kwanza kusimama nikavuta pumzi. Naogopa ukungu wa kijani, ambao leo uko kwenye mfuko mmoja na kesho kutwa umekula safu nzima. Naogopa joto. Naogopa maji, maana Handeni maji hukatika bila kuaga. Mume wangu huniambia ningelima mchicha ningenenepa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Tunachukua magunzi ya mahindi na mabaki ya mkonge kutoka Korogwe, tunayakatakata, tunayaloweka, tunayachemsha kwenye pipa mpaka kila kidudu kife. Yakipoa tunayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu ya uyoga. Mifuko inakaa banda la giza mpaka igeuke myeupe, halafu inahamia banda la pili, tunaitoboa ubavuni, na uyoga unachomoza kwenye matundu, ule tunaouita mamama, mwororo, umebebana kama masikio. Tunauza mbichi, wateja wanafuata hapohapo nyumbani. Wafanyakazi ni mimi na mume wangu. Msimamizi ni mama mkwe wangu, ingawa hakuna aliyemteua.

Mama ni Mzigua wa Kang'ata. Alihamia kwetu macho yake yalipoanza kufifia kwa mtoto wa jicho, na tangu siku ya kwanza aliudharau uyoga wetu. Aliuita uyoga wa kunyonyeshwa kwa chupa. Kwake uyoga wa kweli hutoka wenyewe mvua ikinyesha, hauchemshiwi wala haubembelezwi. Mimi nilizaliwa kambi ya mkonge kule Korogwe. Babu yangu alikuja kukata mkonge akitokea mbali, hakuyajua mapori ya huku, akawakataza wanawe kugusa uyoga wowote walioukuta umeota. Kambini kwetu uyoga wa porini ulitajwa pamoja na nyoka. Kwa hiyo mimi na mama tulikubaliana kimyakimya: yeye ana wake, mimi nina wangu.

Wake ulikuwa na kanuni. Anayeokota ndiye anayeanza kula. Anaupika, anaula peke yake mchana kweupe, watu wakimwona, na nyumba nzima inasubiri mpaka kesho yake. Akiamka salama, ndipo wengine wanapakua. Na mara ya kwanza hauliwi usiku, kwa sababu mtu akidhurika gizani watu watadhani amelala tu. Nilipoolewa niliona huo ni ushamba. Nilicheka hata mbele yake, Mungu anisamehe.

Mvua za vuli zilizopita binti yetu wa kwanza alikuja na kichanga chake cha miezi miwili, akakaa nasi wiki. Ameolewa Vugiri, juu milimani, na mtu anayenyonyesha anataka mboga. Uyoga mbichi usingefika huko salama, hivyo Ijumaa nikachana kapu zima na kuuanika kwenye chanja la waya lililo kati ya mabanda mawili. Jumapili asubuhi gari la kumrudisha likawa linapiga honi barabarani. Nikakusanya vyote vilivyokauka, nikajaza pakiti tatu. Mbili nikamtilia binti kwenye mkoba. Ya tatu haikuingia, nikaiweka kabatini.

Jumanne, kama saa mbili asubuhi, nilikuwa namwagia maji mchanga wa sakafu ya banda ili hewa isikauke. Nikasikia fimbo ya mama mlangoni. Haingii siku hizi, nilimkataza kwa sababu anakanyaga peku na kuniletea uchafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, uyoga wangu umeuhamishia wapi?"

"Uyoga upi, mama?"

"Wa kichuguu. Niliuanika Jumamosi kwenye chanja lako, huku pembeni."

Kopo la maji lilinidondoka. Nakumbuka maji yakiingia kwenye kandambili zangu, ya baridi, na mimi sisogei.

Jumamosi mama alikuwa amefunga, analipa siku za Ramadhani zilizompita kwa homa. Mvua ilikuwa imenyesha katikati ya wiki, na nyuma ya shamba letu kuna kichuguu. Akaenda na fimbo yake akauokota kwa kupapasa, akauchana, akaondoa udongo. Lakini kula mchana hakuweza, yuko kwenye saumu, na kuuonja usiku ni mwiko. Basi akauanika usubiri siku atakayokuwa hakufunga. Hakuniambia kwa sababu kwao hilo halisemwi: kilicho juu ya chanja hakiguswi na mtu ambaye hakukiweka. Na mimi sikuuliza kwa sababu kwenye shamba langu kila kilicho juu ya chanja ni changu. Hapo ndipo tulipokosea sote wawili, na kila mmoja alikuwa anafuata utaratibu wake.

"Mama," nikasema, "una hakika wote ulikuwa wa kichuguu?"

"Wa kichuguu una mzizi. Unauvuta, unakuja na mzizi mrefu kama mkia. Wenye mzizi hauui mtu."

"Wote ulikuja na mzizi?"

Alisugua vidole vyake taratibu, kama anayeupapasa tena.

"Mwingine ulikatika mkononi," akasema.

Nilipiga simu ya binti yangu nikiwa bado nimesimama kwenye maji. Haipatikani. Nikapiga tena, na tena. Vugiri mtandao ni wa kubahatisha, mtu anaweza kukaa siku mbili simu yake ikiwa mezani haishiki kitu. Siku zote nilikuwa nalijua hilo na halikunisumbua. Siku ile yule mwanamke wa kwenye simu, mwenye sauti tulivu anayekwambia ujaribu tena baadaye, nilimtukana kwa sauti.

Mume wangu hakuuliza maswali mengi. Alivaa koti, akawasha pikipiki, akasema akikaza mwendo atakuwa mlimani kabla ya adhuhuri. Alipoondoka nikaanza kukumbuka. Kwenye mafunzo ya kilimo cha uyoga mwalimu wetu alituambia jambo ambalo siku zote nimetamani nisingelisikia: ule wenye sumu mbaya kuliko wote hauna haraka. Mtu anaula, anakaa nusu siku mzima, anatapika, kisha anapata nafuu. Ndugu wanamshukuru Mungu. Halafu ini linakataa. Nilihesabu kwa vidole. Jumapili jioni, Jumatatu, leo. Kama alikula, alikuwa wapi sasa katika safari hiyo? Na kichanga kinanyonya.

Nikatoa pakiti ya tatu kabatini, nikaimimina kwenye ungo. Mimi najisifu kwamba naweza kuutambua uyoga wangu hata nikifumba macho. Basi nilikodoa macho nisione tofauti. Vipande vya kahawia, vimejikunja, vyote ndugu. Nilivinusa. Nikatenga kimoja, nikakirudisha, nikatenga kingine.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, ananisikiliza.

"Lete hapa," akasema.

"Mama, hapana."

"Niliuokota mimi. Lete."

Aliutia kwenye bakuli la maji ya moto mpaka ukalainika. Akakata kitunguu kwa kupapasa, akaubandika na chumvi na nyanya moja. Ugali ulikuwa umebaki wa jana, akaupasha. Nilimkumbusha kwamba amefunga.

"Siku nitailipa tena," akasema. "Nikiwepo."

Kisha akanieleza, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia nisifue nguo kwa maji ya chumvi, kwamba nitazame saa. Nione anaanza kuumwa lini, nini kinatangulia, tumbo au kichwa. Akiumwa, nitakuwa na cha kumwambia daktari, na daktari wa kule kwa binti atajua anapambana na nini. Asipoumwa, nitalala.

"Tusubiri simu kwanza," nikasema. "Labda hajaupika."

"Na kama kaupika?"

Mama alinawa mikono. Akasema bismillahi. Alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akachukua na kipande cha uyoga.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, maana kwa watu nimelisimulia mara nyingi na kila mara napapitia haraka. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Yeye ni bibi wa zaidi ya miaka sabini, mimi nabeba pipa. Ningeweza kuinyakua ile sahani. Mkono wangu uliinuka kabisa, nikauona uko hewani. Halafu nikafikiria: akila, nitajua. Mkono ukashuka. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa nne kasoro kidogo, nikamtazama mama wa mume wangu akila, tonge moja baada ya jingine, mpaka sahani ikawa nyeupe.

Alipomaliza alioga, akavaa gauni la Idi na kanga mpya, akachukua mkoba wake akakaa nao kwenye benchi la barazani. Alivaa kama mtu anayesafiri. Ndipo akili zikanirudia. Nikakimbia kuita bajaji, nikampeleka hospitali, nikawaeleza wauguzi kila kitu isipokuwa ule mkono. Walimlaza wamwangalie. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikimtazama kifua. Akikohoa, moyo unanipasuka. Akijikuna, namuuliza nini. Mara ya tano akaniambia nikanunue chai nimwachie hewa.

Saa saba na kitu simu ikaita. Namba ya mume wangu. Sikuweza kuipokea, niliiangalia ikiita mpaka mama akasema, "Pokea, usituue kwa pamoja."

Binti yangu ndiye aliyesema. Alikuwa mzima. Alikuwa anashangaa baba yake kafika vumbi tupu, anahema kama aliyekuja mbio kwa miguu. Alisema ameupika Jumatatu mchana, pakiti moja, amekula yeye na mama mkwe wake.

"Mama," akaniambia, "safari hii ulikuwa mtamu kuliko siku zote. Umeufanya nini?"

Nilikaa sakafuni palepale wodini. Ulikuwamo. Kwenye pakiti aliyoila, ule wa mama ulikuwamo. Yaani hata furaha ya kumsikia sikuipata nzima, kwa sababu ya lile somo la mwalimu, kwamba mzima wa leo si mzima wa kesho. Nikamwambia ashuke Korogwe hospitali sasa hivi, yeye na mkwewe na mtoto, na ile pakiti nyingine iteketezwe. Walishuka. Walipimwa, wakarudiwa kupimwa. Kwa siku mbili nilikuwa mtu wa kupiga simu Korogwe, kumtazama mama, na kupiga simu Korogwe tena. Mabandani sikuingia. Uyoga uliokomaa ulijikunja kingo ukanyauka kwenye mifuko, wateja wakarudi mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka sita sikuuogopea.

Hakuna aliyeumwa. Siku hiyo wala baadaye. Ule uliokatika mkononi ulikuwa wa kichuguu kama wenzake, au kama haukuwa, Mungu alifumba jicho.

Alhamisi tulirudi nyumbani. Mume wangu alitengeneza chanja la pili siku hiyohiyo, la miti, akalisimika upande wa jikoni, la mama peke yake. Jioni, jua likiwa bado lipo, nilimkuta mama amekaa barazani anapepeta mchele kwa kusikiliza. Nikakaa karibu yake. Nilikuwa nimeazimia kumwambia, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ukungu wowote.

"Mama," nikaanza, "siku ile ulipokuwa unakula..."

"Mkono wako niliuona," akasema. "Kivuli chake. Uliinuka, ukashuka."

Nilidhani macho yake hayafiki huko. Nikaanza kulia, nikaanza kumwomba radhi kwa maneno yaliyovurugika, na yeye akaendelea kupepeta, makapi yanaruka, mchele unarudi kwenye ungo.

"Nyamaza," akasema. "Angekuwa mwanangu mimi ndiye yuko kule mlimani, na wewe ndiye umeshika tonge, mimi nisingeinua hata huo mkono."